Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: toeni alama kwa kile ambacho mwanafunzi amekikataa

Kwa wakuza mitaala, watunga mitihani, wathibiti ubora wa elimu, wakuu wa shule na wa vyuo,

Salamu.

Mwalimu yeyote anayesahihisha kazi mradi anaujua mzigo huu: kurasa nyingi zilizochapwa vizuri, picha za rangi, vichwa vilivyokolezwa wino, na mwishoni orodha ya viungo vya mtandaoni. Muulize mwanafunzi kwa nini ametumia kiungo cha tatu na si kingine. Atakutazama tu. Alikitumia kwa sababu kilitokea juu alipotafuta. Mwongozo wa kusahihisha nao hauna mahali pa kuandika kwamba hajui. Una alama za utangulizi, alama za mpangilio, alama za hitimisho, na alama mbili za marejeo. Marejeo yakiwepo, alama zinatoka.

Ombi langu ni moja, na ninalisema mapema ili msilitafute barua nzima. Uteuzi wa maudhui, yaani kazi ya kukusanya yaliyokwisha kuandikwa, kupigwa picha au kurekodiwa na wengine, kuyachuja, kuyapanga na kuyaeleza kwa ajili ya msomaji fulani, utambuliwe kuwa kazi kamili ya mwanafunzi na upewe alama zake. Alama hizo zitolewe kwa sababu za uteuzi, na hasa kwa sababu za kukataa. Mengine nitakayoyaomba yanatoka humo.

Wapo watakaosema huu ni mtindo mpya ulioletwa na simu. Haukuletwa na simu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Callimachus, mshairi na mwanazuoni, alitayarisha orodha ya maandishi ya Kigiriki pale kwenye maktaba ya Aleksandria, Misri, na inasemekana ilijaza magombo 120. Wanazuoni wa Hadithi, yaani habari zilizopokewa kuhusu maneno na matendo ya Mtume Muhammad, walikwenda mbali zaidi: hawakuridhika kujua habari inasema nini, waliuliza imepokewa kutoka kwa nani, huyo naye kaipata kwa nani, na kama wawili hao waliwahi hata kukutana. Inasimuliwa kwamba Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alipitia mapokezi ya Hadithi yapatayo 600,000. Hadithi zilizoingia katika mkusanyo wake, pamoja na zilizorudiwa, ni zaidi ya 7,000 hivi. Hakutunga hata moja kati ya hizo. Yuko nani atakayesema hakufanya kazi?

Baadaye mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, mwaka 1686, alichapisha njia yake ya kuweka faharasa katika daftari la madondoo, kwa sababu msomaji wa zama zake alikuwa tayari anapoteza alichokinakili. Na mwaka 1945 mhandisi wa Kimarekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kubuni ambayo ingemwezesha mtu kuunganisha maandishi kwa njia anazozichora mwenyewe, akatabiri kwamba pangetokea watu ambao kazi yao ni kuchonga njia hizo ndani ya msitu wa maandishi ili wengine wapite. Tumeipata mashine. Wachonga njia hatukuwafundisha.

Niwaonyeshe darasani inakuwaje, maana hoja za jumla hazibadilishi mwongozo wa kusahihisha. Chukueni swali moja dogo: janga la mafua la mwaka 1918 liliua watu wangapi duniani?

Mwanafunzi akiandika swali hilo kwenye simu anapata jibu kwa sekunde. Shida ni kwamba jirani yake anapata jibu jingine. Mwaka 1927 mtaalamu wa bakteria wa Kimarekani Edwin Jordan alikadiria vifo milioni 21 na ushei. Mwaka 1991 watafiti Patterson na Pyle wakasema ni kati ya milioni 24.7 na 39.3. Mwaka 2002 Johnson na Mueller wakafika milioni 50, na wakaongeza kwamba huenda idadi halisi ikawa mara mbili ya hiyo. Mwaka 2018 watafiti wengine wakarudi chini kabisa, milioni 17 hivi. Makadirio yote haya yako mtandaoni, yamelala pamoja, na kila moja limenakiliwa na maelfu ya kurasa zisizotaja limetoka wapi. Kwa mwongozo tulio nao, mwanafunzi aliyeandika milioni 50 anapata alama na aliyeandika milioni 17 anakosa, au kinyume chake, kutegemea mtunga mtihani alisoma ukurasa gani.

Sasa mpeni mwanafunzi huyohuyo kazi ya kuteua. Mwambieni: tayarisha mkusanyo wa vyanzo vitano kuhusu swali hili kwa ajili ya mwenzako ambaye hajui lolote, na chini ya kila kimoja andika kwa maneno yako nani amesema, lini, ametumia ushahidi gani, anakubaliana na nani na anapingana na nani. Kisha taja vyanzo vitatu ulivyovisoma ukavitoa, na useme kwa nini.

Hapo ndipo somo linapoanza. Atagundua kwamba Jordan hakuwa na takwimu za sehemu kubwa ya dunia. Ataona kwamba Johnson na Mueller wanahesabu vifo vya 1918 hadi 1920, ilhali wale wa 2018 wanahesabu vya 1918 na 1919, kwa hiyo hata kabla ya kubishana juu ya hesabu, hawahesabu kitu kimoja. Atajiuliza vifo vinahesabiwaje mahali ambapo hapakuwa na rejista ya vifo, na atakutana na jibu lisilopendeza kwamba vinakadiriwa kutokana na sehemu zenye rejista. Akiwa njiani atakutana na ukurasa unaodai kwamba mafua hayo yaliitwa ya Kihispania kwa sababu yalianzia Hispania. Atautoa, na ataandika sababu: Hispania haikuwa vitani, magazeti yake hayakuwa yamefungwa mdomo na wadhibiti wa habari za vita, ndiyo maana yalitangaza ugonjwa ambao nchi zilizokuwa vitani ziliuficha. Sentensi hiyo moja ya kukataa inanionyesha uelewa wa historia kuliko kurasa nne za maelezo mazuri.

Ninang'ang'ania orodha ya vilivyokataliwa kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kughushi. Orodha ya vilivyokubaliwa inaweza kuazimwa kwa rafiki. Mihtasari siku hizi inaandikwa na mashine. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, muhtasari safi hauthibitishi tena kwamba mwanafunzi amesoma kitu, na ninyi mnalijua hilo kama ninavyolijua mimi, hata kama waraka unaotufikia unazungumzia tu "matumizi sahihi ya akili mnemba". Mashine hizo pia hubuni marejeo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000, wao na kampuni yao, baada ya kupeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazijawahi kuwapo. Zilibuniwa na programu, na hakuna aliyezifuata hadi chanzo. Hao walikuwa watu wazima wenye shahada za sheria. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa "umekiona wapi, na mwenye kusema hilo amelijuaje" asingefika huko, au angalau angekuwa na mahali pa kuanzia kushtuka.

Je, ustadi huu unafundishika? Unafundishika. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti za kutathmini. Mbili kati yake zilikuwa za vyama vya madaktari wa watoto vyenye majina yanayofanana: kimoja ni chama kikubwa cha taaluma kilichoanzishwa mwaka 1930, kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa sababu za msimamo wa kijamii. Wanafunzi wengi walikiona kile kidogo kuwa cha kuaminika zaidi. Wanahistoria kadhaa walisitasita. Wakaguzi wa habari hawakubabaika. Siri yao haikuwa elimu kubwa kuliko wanahistoria; ni kwamba hawakukaa kwenye ukurasa wenyewe. Walifungua vichupo vingine, yaani kurasa nyingine kwenye kivinjari, upesi wakauliza dunia inasema nini kuhusu wenye tovuti ile, wakati wengine wanaisoma kutoka juu hadi chini, wakivutiwa na nembo na tanbihi zake.

Tabia hiyo ya kutoka nje ya ukurasa ni kinyume kabisa na ufahamu tunaowafundisha shuleni, ambapo kifungu kimefungwa na jibu limo ndani yake. Sisemi ufahamu uondolewe. Nasema mwanafunzi anayetoka kwetu akiwa na ufahamu huo peke yake anaingia mtandaoni akiwa mateka wa kila aliyepanga ukurasa wake vizuri. Mwaka 2016 kikundi hichohicho cha Stanford kiliripoti kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa shule za ngazi ya kati waliowapima waliona tangazo lililoandikwa wazi kuwa limelipiwa wakadhani ni habari.

Kuna pingamizi mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba huku ni kunakili tu. Ni kunakili ikiwa mnatoa alama kwa rundo. Mkitoa alama kwa maelezo ya chini ya kila chanzo na kwa mpangilio wake, hakuna cha kunakili, kwa sababu swali "kwa nini hiki kimetangulia kile, kwa msomaji huyu" halina jibu mtandaoni. Tena anayeunda maneno yake mwenyewe hukumbuka zaidi kuliko anayesoma tu. Wanasaikolojia Slamecka na Graf walilionyesha hilo kwa majaribio mwaka 1978, na walimu walilijua kabla yao.

Ya pili ina uzito, na wapenzi wa njia hii huikwepa. Mtu hawezi kuchuja asichokijua. Mwanafunzi anayekutana na mada kwa mara ya kwanza hana kigezo. Ukimwacha peke yake na bahari ya viungo atachagua kwa urefu, kwa rangi, au kwa aliye juu. Watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark waliandika mwaka 2006 kwamba ufundishaji wenye mwongozo hafifu unawaumiza hasa wanaoanza, kwa kuwa akili yao inajaa kabla haijashika kitu, na mimi nakubaliana nao. Kwa hiyo tafadhali msije mkatoa waraka kwamba kuanzia muhula ujao kila mada ifundishwe kwa uteuzi wa maudhui. Mtaiua njia hii ndani ya mwaka mmoja. Mwanzo wa mada mwalimu ndiye anayeteua, na anateua kwa sauti: anaonyesha vyanzo viwili, anaeleza kwa nini amekiacha cha tatu. Baadaye anawapa vyanzo kumi alivyovipima yeye, wachague vinne na kujieleza. Kutafuta wenyewe kunakuja mwishoni, wakati tayari wana maarifa ya kubishana nayo. Na watoto wa madarasa ya chini waishie hatua ya pili. Sioni sababu ya kuwaharakisha.

Mkiangalia vizuri, nimeshamwongezea mwalimu kazi. George Siemens, mwananadharia wa elimu kutoka Kanada, aliwahi kumweleza mwalimu wa zama hizi kama msimamizi wa makumbusho: anaheshimu uhuru wa anayetembelea, lakini anajua kwamba kutangatanga katika nchi usiyoijua bila ramani kunachosha. Ni picha nzuri. Ila msimamizi wa makumbusho analipwa kwa saa za kupanga vyumba. Mwalimu anayetayarisha mkusanyo wa vyanzo kumi vilivyosomwa, vilivyopimwa na vilivyoandikiwa maelezo anafanya hivyo usiku, na kwenye fomu ya tathmini ya utendaji kazi hiyo haionekani popote. Inaonekana andalio la somo. Linaonekana azimio la kazi. Mkusanyo mzuri unaoweza kutumiwa na walimu wengine wa somo hilo kwa miaka miwili mitatu hauna kisanduku. Uwekeeni kisanduku, na kwenye ratiba uwekewe saa.

Na kabla hamjaajiri mshauri wa kutufundisha haya yote, angalieni kama shule ina mkutubi. Kuainisha, kupima chanzo, kufuata habari hadi ilikotoka, kuandika maelezo mafupi ya kitabu ili msomaji ajue kama kinamfaa: hiyo ndiyo taaluma yake. Mahali pengi ninapopafahamu mkutubi ameachiwa kugonga mihuri na kunyamazisha wanafunzi, kama yupo. Mketisheni na walimu wa somo wakati kazi mradi inatungwa, siyo wakati inakusanywa.

Sasa suala la vifaa, ambalo nalitaja kwa sababu najua likifika mezani kwenu kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni tununue programu gani. Msinunue kwanza. Google Reader, iliyotumiwa na watu wengi kukusanya makala, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Storify, ambayo walimu na waandishi wa habari waliipenda kwa kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii kuwa simulizi, ilifungwa Mei 2018. Waliojenga mikusanyo humo walipewa muda wa kupakua walichoweza, na basi. Hata kurasa zenyewe hazidumu: taasisi ya utafiti ya Marekani, Pew Research Center, iliripoti mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Mkusanyo wa mwanafunzi uwe kwenye faili la kawaida ambalo linaweza kufunguliwa na programu yoyote na kuchapwa kwenye karatasi. Kila chanzo kiandikiwe mwandishi, kichwa, tarehe na mchapishaji, siyo kiungo kitupu, na ukurasa muhimu uhifadhiwe nakala kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za wavuti, ambayo ni bure na ipo tangu 2001. Shule isiyo na intaneti ya kutosha inaweza kufanya kazi hiihii kwa magazeti ya zamani, vitabu vitatu vya kiada vinavyotofautiana na ramani mbili za nyakati tofauti. Mwanafunzi anajifunza kuamua, na kuamua hakuhitaji bando.

Kuhusu haki za waandishi nitasema kidogo tu. Kuelekeza kwenye kazi ya mtu na kuieleza ni jambo moja. Kuichukua nzima na kuipachika ni jingine, na wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa tofauti yake. Leseni za Creative Commons, ambazo mwandishi huzitumia kuruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti, zipo tangu 2002, zimeandikwa ili mtu wa kawaida aelewe anaruhusiwa nini, na nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo kuhusu nyenzo huria za elimu mwaka 2019. Kusoma leseni kabla ya kuchukua kitu ni somo la nusu saa. Liwemo kwenye muhtasari wa somo na tumalize.

Linalobaki ni alama, na hapo ndipo ninyi peke yenu mna uwezo. Mimi naweza kuifundisha njia hii kesho asubuhi, na wapo wenzangu wanaoifundisha, lakini mwanafunzi anayejua mtihani unataka nini ataitazama kama mchezo wa Ijumaa alasiri. Hana kosa. Anasoma ishara mnazompa.

Kwa hiyo napendekeza hivi kwa kazi mradi yenye alama 20. Alama 4 kwa vyanzo vyenyewe, kwamba vinatofautiana kwa aina na kwa msimamo. Alama 6 kwa maelezo ya kila chanzo, kwa maneno ya mwanafunzi. Alama 3 kwa mpangilio na sababu yake. Alama 5 kwa vyanzo vilivyokataliwa. Alama 2 kwa mazungumzo ya dakika tano na mwalimu, ambapo mwanafunzi anaulizwa kuhusu chanzo kimoja alichokikubali na kimoja alichokikataa, akiwa ameyafunga makaratasi yake. Namba hizi zinaweza kubishaniwa. Sehemu ya tano msiifute ili kurahisisha usahihishaji, kwa sababu dakika hizo tano zinatuambia kama zile alama 18 ni zake. Darasa likiwa na wanafunzi wengi mno, mazungumzo yafanywe na wachache waliochaguliwa kwa kura, mradi kila mmoja ajue anaweza kuitwa.

Anzeni na masomo mawili, historia na biolojia, katika shule zitakazojitolea, kwa muhula mmoja. Wapeni walimu wake mwongozo wa ukurasa mmoja na uhuru wa kuurekebisha. Muhula ukiisha, chukueni mikusanyo michache bila majina, mizuri na mibaya, mtuwekee mahali tunapoweza kuiona sote pamoja na alama ilizopata na maoni ya aliyesahihisha, ili mwalimu wa shule nyingine asianze na karatasi tupu. Na tunaomba mtujibu kwa maandishi kabla mwongozo ujao wa kazi mradi haujapelekwa kuchapwa, kwa sababu ukishachapwa tutaambiwa tungoje mwingine.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa darasani